Vigae vya Jumamosi

Maskati, 3 Mei 2024

Dada yangu mpenzi Kazija,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, na mama mdogo Bi Mwanakhamis pia, na yule mbuzi wako mwenye tabia mbaya. Mimi sijambo. Nakula, nalala, na joto la huku limeanza kutukaanga mapema mwaka huu. Mwambie Bi Mwanakhamis udi wake nimempa Jabir wa mizigo pamoja na barua hii. Jabir akisema umepotea njiani, mkague mabegini.

Usishangae kuletewa karatasi zama hizi. Nina jambo la ujenzi, na sitaki kulisema kwenye grupu la ukoo. Mara ya mwisho nilisema mle ndani kwamba natafuta mbuzi wa akika, na kabla sijamaliza kurekodi sauti yangu, kuna mtu Kojani alikwisha mchinja. Kupigiana nako hakufai. Kamera ya simu yangu imekufa na spika inakoroma. Mwandiko usiucheke, mkono wa kulia niliubana na mlango wa gari, naandika kwa wa kushoto.

Sasa sikiliza. Nataka tujenge bwawa la kuogelea uani kwetu, pale palipokuwa na banda la kuku. Vile vyumba viwili vya mbele tutapangisha watalii. Mchoro huu hapa ndani ya bahasha. Maji yafike kifuani tu, yasizidi. Ngazi ziwe fupi na pana. Ukutani kuwe na reli ya chuma ya kushikia, izunguke pande zote nne. Na vigae vya sakafu viwe vya kukwaruza. Narudia: vya kukwaruza.

Liwe tayari kabla mwaka haujaisha. Tafuta fundi mzuri, asiwe jamaa yetu.

Nduguyo,
Hafiz


Shumba Viamboni, 9 Juni 2024

Mdogo wangu Hafiz,

Waaleikum salaam warahmatullah. Sisi huku tu wazima. Udi umefika, umepungua kidogo, na Jabir ananukia vizuri mno kwa mtu wa mizigo. Bi Mwanakhamis anakusalimu na anauliza utaoa lini tena. Mbuzi kala taulo yangu mpya. Muuguzi wetu Beata, yule wa bara aliyepanga chumba cha nyuma, kahamishiwa zahanati ya karibu zaidi, kwa hiyo sasa anakula mchana nyumbani na nyumba imechangamka. Mwandiko wako nimeucheka. Ni kama kuku kapita kwenye majivu.

Bwawa nimelishangaa, sikufichi. Bahari iko hatua mia mbili kutoka mlangoni, ya bure, haina fundi. Na watalii gani hawa wa maji ya kifuani na reli ya kushikia? Unatuletea vizee? Lakini uani ni kwetu sote, na banda la kuku lilikuwa linanuka, nikasema haya.

Fundi nimempata. Ni Masoud bin Mmanga wa Tumbe, rika langu, alifiwa na mkewe miaka mitatu iliyopita, Mungu amrehemu. Kazi yake ni mabirika ya misikiti. Kutoka Konde mpaka Micheweni huwezi kutia udhu bila kukanyaga mkono wake. Bwawa la kuchezea hajapata kujenga, lakini alisema maji ni maji.

Yapo mambo mawili ya kukuambia. La kwanza, bwawa lako limekaa upande, kama mtu aliyenuna. Kwenye mchoro lilifuata nyumba. Masoud alisimama pale, akatazama jua, akanambia: "Bi Kazija, mtu yu nusu uchi, kalala majini, miguu kaielekeza kibla? Mie hapo sitii mkono." Tukaligeuza.

La pili, ukingoni kajenga viti kumi na viwili vya saruji, kila kiti na bomba lake. Nilipomuuliza alinitazama kama niliyekufuru. "Sasa watu wataosha miguu wamechutama?" Bi Mwanakhamis keshalizindua. Anakwenda kutawadha pale kila alasiri, na majirani zake wanne wanamfuata. Kijiji kizima kinaliita birika la Hafiz.

Vigae vimekwisha wekwa. Vinang'aa, vina maua ya waridi. Vile vya kukwaruza Masoud anasema ni vya chooni.

Dadako,
Kazija


Maskati, 30 Juni 2024

Dada,

Assalaam aleikum. Idi imepita salama, tulikula nyama mpaka tukachukiana. Mkono wangu unaendelea vizuri, na asante kwa kuucheka. Mpe pole mbuzi, taulo ile ilikuwa ya rangi mbaya.

Sasa niruhusu nikasirike. Nilikutumia mchoro wa bwawa, umenijengea msikiti usio na paa. Mabomba kumi na mawili! Mtalii akitoka Ulaya akute vikongwe watano wamejipanga wanaosha miguu, atadhani amekuja kuhiji. Na hilo la kugeuza bwawa sina la kusema, kwa sababu nikisema nitaonekana mimi ndiye kafiri.

Lakini yote hayo nameza. Nisichoweza kumeza ni vigae. Dada, nilisema vya kukwaruza. Sakafu inayong'aa ikiwa ndani ya maji inateleza. Mtu akiteleza ataanguka, na si kila mtu akianguka huinuka. Nakuomba, mwambie huyo Masoud abadilishe sakafu. Kuta aziache na maua yake, sitazikanyaga.

Reli ameweka? Hukusema.

Hafiz


Shumba Viamboni, 4 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Waaleikum salaam. Barua yako imechelewa kwa sababu Jabir alipitia Unguja kwa shemeji zake akasahau kuondoka. Tumeanza kuchuma karafuu, mikono yangu inanuka mpaka chai inanishinda. Bi Mwanakhamis ana kikohozi, lakini ulimi hauna kitu.

Reli ameweka. Nzuri, imara, mbuzi tumemfungia hapo.

Vigae vimebanduka. Havikungoja hata watalii. Nilikuwa nimekaa na chai nikasikia "pa!" uani, nikadhani embe. Kwenda kutazama, kigae kimelala chini ya maji, maua juu. Siku ya pili vikawa saba. Nikatuma mtu Tumbe.

Masoud alikuja siku ileile. Akayatoa maji, akavua viatu, akashuka, akatoa sarafu mfukoni, akawa anagonga kigae kimoja kimoja huku katega sikio. Kigae kilichoshika, Hafiz, kinalia kwa kubana. Kisichoshika kinalia ko-ko kama fuu tupu la nazi. Alivigonga vyote, jua la saa saba. Mwisho akapanda, akakaa kwenye kimoja cha viti vyake, akasema: "Kosa langu, Bi Kazija. Mchanga nliutoa pwani. Nlidhani mvua ya masika ishauosha chumvi."

Mimi nimeishi miaka hamsini na sita sijapata kumsikia fundi akisema kosa langu. Nikampakulia wali na pweza wa nazi.

Kavibandua vyote, kaleta mchanga wa shamba na gundi ya vigae ya dukani, kaanza upya. Amemaliza jana. Vya sakafu bado ni vile vya kung'aa, maana ndivyo vilivyopo, na mimi nimeona hasira zako za vigae vya kukwaruza zitapita.

Kazija

Nilisahau: nimekupigia mara nne ile simu ya picha, unakata. Kwani kamera haitengenezwi huko?


Maskati, 25 Agosti 2024

Dada Kazija,

Assalaam aleikum. Mpe Bi Mwanakhamis dawa ya kikohozi aliyonayo Jabir, chupa ya kahawia, si ile ya kijani. Ya kijani ni ya nywele.

Mtu ametuwekea vigae kwa mchanga wa pwani, vikabanduka, nawe ukampikia pweza. Mimi ningempa maji ya bahari anywe, nimwambie masika imeyaosha.

Na sasa mwambie hivi: akiharibu tena, hata kigae kimoja, nitamwandikia sheha kumshtaki. Sitanii. Nitaandika kwa mkono huuhuu wa kuku. Sitaki kumwona uani kwetu wala kumsikia, na sitampa neno jema mbele ya mtu yeyote maisha yangu yote.

Hasira zangu za vigae hazitapita. Sakafu isiteleze, Dada. Sakafu isiteleze. Sijui niandike mara ngapi. Mwaka unakwisha na mimi nalihitaji bwawa hilo.

Kamera haitengenezwi.

Hafiz


Shumba Viamboni, 22 Septemba 2024

Mdogo wangu Hafiz,

Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Bi Mwanakhamis alikunywa ya kijani. Hakohoi tena.

Huku kuna habari za ndoa mbili na talaka moja, majina nitakupa ukija. Beata kapata likizo kaenda kwao, kaniahidi maharagwe ya rangi ambayo sijapata kuiona. Karafuu zinaendelea.

Kuhusu bwawa sina mengi. Vigae bado vinasumbua kidogo. Kila wiki kinatoka kimoja, pengine viwili, si jambo la kumwandikia sheha. Masoud anakuja Jumamosi anavirudisha bila kununa. Wiki ya kwanza nilimfanyia mkate wa kumimina. Wiki ya pili, changu wa kukaanga na mchuzi wa ukwaju. Jumamosi iliyopita alisema hajala biriani tangu mkewe afariki, nikapika biriani, si kwa ajili yake, nilikuwa na kuku amezeeka. Anakula polepole, akimaliza anaosha sahani yake mwenyewe kwenye bomba namba saba. Hazungumzi sana lakini akizungumza unacheka hadi kesho yake. Watu wanamsingizia. Ni fundi mzuri, bahati tu ya vigae.

Kuna swali moja la upuuzi. Mwanamke asiye na baba, walii wake wa ndoa ni kaka yake, hata kama ni mdogo kwake, sivyo? Na huyo kaka akiwa mbali, akiwa na hasira na mtu, inakuwaje? Ni Bi Mwanakhamis anauliza.

Dadako,
Kazija


Maskati, 12 Oktoba 2024

Dada yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Mimi sijambo. Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti, mwenzangu wa chumbani akaniuliza mbona nacheka peke yangu.

Bi Mwanakhamis ana miaka themanini na tatu. Anataka kuolewa na nani?

Jabir, kwa ujinga wake, alinifungia udongo wa dawa kwa karatasi aliyookota uani kwetu, na ndani ya kifurushi kulikuwa na vipande viwili vya kigae chenye maua. Nimevikalia kikao mezani kama hakimu. Mimi nilikaa stoo ya vifaa vya ujenzi miaka kumi na tisa, Dada, vigae navijua. Kigae kisichoshika hutoka kizima, mgongo wake msafi. Hivi vimepasuka katikati, na mgongoni vina gundi iliyokauka ngumu kama jiwe. Kigae hiki kilishika. Kilishika vizuri kuliko meno yangu. Hiki kimepigwa na kitu kizito chenye kichwa cha mviringo, na ningesema ni mchi.

Halafu nikatazama tarehe. Vigae vyenu vinabanduka kila wiki, na fundi anakuja kila Jumamosi, na kila Jumamosi kuna chakula ambacho hata mimi nikija likizo sipikiwi. Changu na mchuzi wa ukwaju! Mimi mara ya mwisho ulinipa mayai.

Sitaki kukuuliza chochote. Nakuuliza kimoja tu: mchi wa kinu kikubwa au kidogo?

Nijibu upesi. Kisha nitaamua kama namwandikia sheha au la.

Mdogo wako na walii wako,
Hafiz


Shumba Viamboni, 14 Oktoba 2024

Hafiz,

Assalaam aleikum. Leo sikupi habari za mbuzi.

Ule mchoro wako Masoud aliubandika kwa tope ukutani, kando ya jiko. Miezi yote hii tunaupita. Jana Beata karudi kutoka likizo, kaja jikoni kuomba chumvi, kasimama akaukodolea. Kisha akaniuliza, kwa upole wake ule wa kibara, "Bi Kazija, samahani, mgonjwa wenu yuko wapi?"

Nikamwambia hatuna mgonjwa, hilo bwawa la watalii. Akasema hapana. Maji ya kifuani, ngazi fupi, reli pande zote, sakafu isiyoteleza. Chuoni kwao, hospitalini, walikuwa na bwawa la namna hiihii. Akasema, "Wanafundishiwa kutembea watu waliopigwa kiharusi."

Chumvi niliimwaga. Nilikwenda chumbani nikazitandaza barua zako kitandani kwa mpangilio wa tarehe. Mkono uliobanwa na mlango wa gari hauchukui miezi sita. Kamera inayokufa na spika inayokoroma siku moja, nani kasikia? Nimekuandikia mwandiko wa kuku, Hafiz. Nimekuandikia vizee. Reli yako nimemfungia mbuzi. Umeniambia mara nne sakafu isiteleze, nami nikasema hasira zitapita.

Nimelia mpaka Bi Mwanakhamis akadhani kuna aliyekufa. Kisha nimekukasirikia sana, na bado nakukasirikia. Wewe ni wa tumbo moja nami. Nilikuogesha mtoto kwenye karai, nilikubeba mgongoni mpaka kisimani ukanikojolea, leo unanificha mdomo uliopinda? Kupinda kwenyewe kwani ulikuwa mzuri kabla?

Nijibu ukweli. Unatembea? Unakula mwenyewe? Nani anakufulia?

Na kwa vigae, usimlaumu Masoud. Tangu mwezi wa nane hajakosea kigae hata kimoja. Zaidi ya hapo siandiki, kwa sababu nina haya, na kwa sababu nilichokifanya kimekuchelewesha wewe, na nikikifikiria natamani ardhi ipasuke.

Kazija


Maskati, 3 Novemba 2024

Dada Kazija,

Waaleikum salaam. Barua zetu zimepishana angani. Yako imenikuta nimekaa nikijisifu kwa upelelezi wangu wa vigae, nikaisoma, nikavisukuma vile vipande kando.

Ukweli ni huu. Ilikuwa Februari, asubuhi. Nilikuwa nafunga kamba za viatu, mkono ukakataa. Nikaucheka. Kisha mguu nao ukakataa, nikawa chini, namwita mwenzangu na jina lake halitoki. Jina lake ni Ali, Dada. Mtu gani anashindwa kusema Ali?

Nilikaa hospitali wiki tano. Waliniingiza kwenye bwawa lao, maji ya kifuani, reli, sakafu ya kukwaruza, na mle ndani nilitembea. Nje ya maji ni fimbo na ukuta. Ndani ya maji nilikuwa mtu. Siku zangu zilipokwisha nikapewa karatasi na mkono wa kwaheri, na kazini vivyo hivyo. Nikauchora mchoro ule kwa kukumbuka, kwa mkono wa kushoto, usiku kucha. Uliniuliza mbona nisitumie bahari. Bahari haina reli.

Mdomo umerudi karibu mahali pake. Nakula mwenyewe, nguo ananifulia Ali. Sikusema kwa sababu mimi ndiye mwanamume wa nyumba ile, na siku ya kuja huku niliondoka bandarini nikikimbia ili nisikuone ukilia, na nilitaka kurudi nikitembea. Ni upumbavu, najua. Nilikuwa naona haya na naogopa. Nilipokuwa naandika "sakafu isiteleze" nilikuwa najiona nimeanguka uani mbele ya majirani wanne wa Bi Mwanakhamis.

Sasa upande wako. Sijakasirika. Umenipasulia vigae vyangu, na nikisema nimekasirika nitakuwa nasema uongo, kwa sababu tangu mumeo afariki, miaka sita iliyopita, habari zako zilikuwa salamu na bei ya unga. Mwaka huu zina ukwaju. Mwambie Masoud alete posa. Sheha nimemsamehe.

Nikikaa huku naweza kumteua wakala akuozeshe. Ukitaka, nitaandika leo.

Na hukujibu swali: kikubwa au kidogo?

Hafiz


Shumba Viamboni, 20 Desemba 2024, Ijumaa

Mdogo wangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Kikubwa.

Sikukujibu mapema kwa sababu nilikuwa nahesabu siku, na utaelewa. Barua yako ilifika tarehe nane Novemba, Jabir kaja nayo mbio, safari hii hakupitia kwa mtu. Jumamosi yake Masoud alipokuja nilimkalisha kabla ya chakula. Nikamwambia, "Fundi, vigae vyako vyashika. Nabandua mie. Kwa mchi, kila Alkhamisi." Kisha nikamweleza habari zako zote.

Alikoroga chai mpaka ikapoa. Nikasema hapa basi, nimepoteza fundi na mume. Hatimaye akasema, "Bi Kazija, wajua wanipa mtihani gani? Mie tangu mwezi wa nane nshaweka nadhiri. Nlisema siwezi kwenda kuposa kwa watu niliowaharibia kazi. Vikae siku arubaini bila ya kubanduka hata kimoja, nipeleke posa. Kila nikifika siku ya sita, chatoka kimoja. Nkasema Mungu hataki."

Hafiz, nilikuwa najibandulia posa yangu mwenyewe! Bi Mwanakhamis alikuwa amejificha nyuma ya mlango, akacheka mpaka meno yake ya bandia yakaanguka, nayo yamepasuka, na kwa hayo sikuhusika.

Siku ya pili, tarehe kumi, Masoud aling'oa sakafu yote ya maua, akaweka ya kukwaruza mchana mmoja na saa za magharibi, Beata akimshikia taa na kumwelekeza mteremko wa ngazi. Mabomba kayafunga yote isipokuwa namba saba. Viti nilimkataza kuvivunja. Beata anasema mtu wa mazoezi hupumzika kila baada ya hatua chache, na wewe unavyo kumi na viwili. Mbuzi nimemhamisha. Mchi nilimkabidhi Beata aufungie sandukuni mwake, maana mimi sijiamini.

Leo ni siku ya arubaini. Baada ya sala ya Ijumaa Masoud aliyapunguza maji mpaka vifundoni, akashuka na sarafu yake akavigonga vyote, sisi tumejipanga ukingoni tumetega masikio. Havikulia ko-ko hata kimoja. Akapanda, akanawa mikono, akavaa kanzu aliyokuja nayo mfukoni, akamkabidhi Bi Mwanakhamis posa hapohapo, miguu bado inachuruzika maji.

Nimemwambia jibu halipo kwa Bi Mwanakhamis. Na wakala simtaki, usiandike. Nimekuwa na haraka miezi yote hii lakini kwa hili nina subira ya kutosha. Njoo na fimbo, njoo umebebwa na Jabir kama kifurushi, njoo na mdomo wako ukiwa umekaa upande wowote, bwawa lenyewe limekaa upande na tunalipenda hivyohivyo. Ukitaka kulia nikuone, na mimi nitalia unione, kisha tutakula.

Masoud alipoondoka tuliyafungulia maji yajae tena, na jioni niliingia mwenyewe. Peku, na kanga yangu, maji yakanifika kifuani kama ulivyotaka. Nilitembea sakafu yote kwenda na kurudi mara arubaini bila kuishika reli, Bi Mwanakhamis akinihesabia kwa tasbihi yake. Sikuteleza hata mara moja.

Njoo uniozeshe.

Dadako,
Kazija